Mume wangu aliacha uchimbaji akachora gemu ya ng'ombe anayepaa. Zimwi la mwisho limevaa kitenge changu

Wakuu habari za mchana, na mabinti wakuu pia, maana humu mnatusahau sana.

Ninachoandika kimetokea kwangu, Turwa, Tarime mjini, kwenye nyumba ninayolala. Majina nimeyabadilisha kwa sababu shangazi yangu ana simu janja na ana bando. Mengine yote yako kama yalivyokuwa. Asiyeamini apite kimya kimya, nyuzi za mpira zipo nyingi.

Niiteni Robi. Mimi ni fundi nguo, nina kibanda changu Nkende. Mume wangu mwiteni Deo. Ni Mngoni wa Songea, alikuja huku Mara kufuata dhahabu kama wenzake. Dhahabu hakuipata, akanipata mimi. Huwa anasema amepata faida. Sijawahi kumwomba ufafanuzi.

Deo alikuwa kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, yale ya kushuka kwa kamba. Siyo mgodi mkubwa, hapana, kule hata mgeni anayekuja kuuliza njia anapewa kofia. Kwa kina Deo kofia ni nywele zako.

Alikuwa anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi amefanana na ukuta. Maisha yanaenda.

Sasa wiki moja akarudi Jumatano. Ameoga. Amechana nywele. Akakaa kwenye kochi kama mgeni, akasema, "Robi, nimeacha kazi."

"Umefukuzwa?"

"Nimeacha."

"Umepata nyingine?"

"Bado."

Nikasubiri sentensi inayofuata. Wakuu, hiyo sentensi ilikuja baada ya miezi, tena mbele ya baba yangu mzazi. Twende taratibu.

Siku za mwanzo alilala tu. Nikasema sawa, mwili umechoka. Halafu akatoka, akarudi na rimu ya karatasi na boksi la kalamu za bluu.

Nikafurahi jamani. Nikajua anaandika barua za kuomba kazi. Nikachinja kuku. Nawaambia ukweli, kuku wangu mwenyewe aliyekuwa anataga, nikamchinja kwa heshima ya barua za kazi.

Nimebeba sahani naingia sebuleni, nachungulia karatasi.

Ng'ombe.

Ng'ombe amevaa kofia ya mchimbaji, ile yenye taa. Mkia umejikunja juu unazunguka kama helikopta. Ng'ombe anapaa. Na kwenye kiwele zinatoka risasi. Risasi za maziwa.

"Hiki nini?"

"Ni gemu," akasema, huku anavuta sahani ya kuku.

Kwa msiojua hizi gemu, mimi sasa ni mtaalamu, niwaeleze. Wewe ndiye huyo ng'ombe. Uko kushoto mwa skrini, unaenda kulia. Dunia yote inakuja kwako, na wewe unaipiga maziwa. Ukiguswa unapiga chafya, ukiguswa sana unakufa. Ndiyo ajira hiyo.

Na kila kitu anachora kwa mkono. Ng'ombe kupepesa jicho tu ni karatasi kadhaa, maana kila hatua ya kope ina picha yake. Akimaliza anazipiga picha kwa simu dirishani kwenye mwanga, anaziingiza kwenye laptop ya mtumba inayonguruma kama mashine ya kusaga, kisha anaangalia video za watu wanaoongea Kiingereza cha haraka wakimfundisha jinsi ya kumfanya ng'ombe apae.

Mwanaume mzima. Ana mabega ya kubeba viroba. Anasema "Robi usitikise meza, nachora kwato."

Maadui nao ni hivi: popo waliovaa tai. Panya wenye gamboot. Mawe yenye meno. Koleo zinazopaa zenyewe bila mtu. Kulikuwa na mende fulani anapiga saluti kabla hajakushambulia, huyo hata leo sijui alitoka wapi.

Mimi nikaendelea na cherehani yangu. Wateja wakawa wananiuliza, "Shemeji siku hizi anafanya nini?"

"Anafuga."

"Aah, hongera! Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

"Wangapi?"

"Mmoja. Anapaa."

Walikuwa wanacheka wakidhani ni utani. Mimi nilikuwa najibu swali.

(Naona kuna mkuu ameshaandika hapo chini "dada achana na huyo mwanaume, njoo inbox". Mkuu, punguza mwendo. Hata kwenye kitenge sijafika.)

Sasa niwe mkweli, maana niliahidi. Ile gemu ilikuwa nzuri. Siku moja aliniomba nijaribu, nikakaa kwa kiburi changu chote, mguu mmoja juu ya mwingine, nikacheza. Ng'ombe akagonga jiwe akapiga chafya, kofia ikaruka ikarudi kichwani imegeuka nyuma. Nikacheka mpaka nikaegemea meza. Deo ananiangalia mimi, haangalii skrini.

Ila nikaona kitu. Leveli ya kwanza ni giza. Ya pili giza. Ya tatu giza, na kuta zinabana zaidi. Magogo ya kushikilia udongo kila mahali, kamba zinaning'inia. Taa ya yule ng'ombe peke yake ndiyo inamulika mbele.

Nikamwambia, "Deo, si uchore hata majani? Ng'ombe gani huyu haoni jua?"

Akasema, "Bado hajafika nje."

Nikaona ni majibu ya wasanii. Nikarudi kwa suruali za watu.

Basi, mchana mmoja umeme ukakatika Nkende, nikafunga kibanda mapema. Nafika nyumbani Deo hayupo, ametoka. Karatasi zimetandazwa kwenye meza, kalamu bado iko wazi.

Kulikuwa na zimwi.

Zimwi lina mdomo kama sufuria ya msibani. Lina mikono minne. Mkono mmoja una mwiko, wa pili mkasi, wa tatu pasi ya mkaa inayotoa moshi, wa nne unazungusha futi ya kupimia nguo kama mjeledi.

Nikasema labda ni bahati mbaya, mafundi tuko wengi.

Nikaangalia gauni.

Wakuu, nina kitenge chenye samaki, mikono nimeipuliza juu halafu nikaibana na marinda madogo kwenye kiwiko. Ule mshono niliubuni mwenyewe. Tarime nzima hakuna mwingine anayeushona, na wanaojaribu kuuiga wanatoa kitu kama mto wa kulalia. Na pale kwenye karatasi, kwa kalamu ya bluu, samaki wote wako, marinda yote yako. Hata pindo nililolikosea nyuma, nikasema hakuna atakayeona. Kumbe kuna aliyeona.

Deo akaingia na mkate.

"Huyu nani?"

Akaangalia karatasi, akaangalia mimi, akaangalia mkate.

"Ni bosi wa mwisho. Anakaa mlangoni, pale pa kutokea."

"Nimekuuliza ni nani."

"Ni zimwi tu, Robi."

"Zimwi limeshona wapi?"

Akaupeleka mkate jikoni.

Nikampigia baba.

Baba yangu, mzee Marwa, anakaa Serengeti, kijiji kimoja ukishapita Mugumu. Ni mtu wa ng'ombe. Wajukuu anachanganya majina, ng'ombe hachanganyi. Na hajawahi kumkubali Deo vizuri. Hamtukani, ila huwa anamwita "huyo kijana wa kuja", na tuna miaka kadhaa kwenye ndoa.

Nikamwambia kila kitu: mkweo ameacha kazi, anachora ng'ombe, na mwanao amemchora zimwi.

"Ng'ombe gani?" baba akauliza.

Hapo ningeshtuka mapema. Sikushtuka.

Jumapili wakaja, yeye na shangazi Nyangi, dada yake. Mimi begi langu lilikuwa tayari karibu na mlango, limefungwa zipu. Nilikuwa sitanii. Nilikuwa narudi kwetu.

Deo akapiga magoti kidogo, "Shikamoo baba. Shikamoo shangazi." Akaitikiwa kwa sauti ya kituo cha polisi. Nikaleta chai. Shangazi akafungua kikao.

"Deo, mtoto wetu analalamika. Umeacha kazi, hatujui sababu. Unamlia jasho lake. Na juu ya hapo umemtukana kwa mchoro. Ni kweli au uongo?"

"Nimeacha kazi, ni kweli," Deo akasema. "Kumtukana, hapana."

Baba akasema, "Leta hicho kitu tukione."

Deo akaleta laptop, akaiweka kwenye meza ya kahawa, ikaanza kunguruma. Baba akavaa miwani. Deo akataka kuwaonyesha, baba akamsogeza mkono. "Nionyeshe pa kubonyeza."

Wakuu, sijui niwaelezeje. Nilimwita baba yangu aje aivunje ndoa. Akakaa kwenye kochi langu anacheza gemu.

Vidole vya baba ni vinene, vimezoea fimbo. Ng'ombe anapanda, anagonga dari, anapiga chafya. Anashuka, anakanyaga panya.

"Tulia wewe!" baba anamwambia ng'ombe. "Tulia! Mbona hasikii?"

"Mpige popo huyo kaka!" shangazi naye. "Huyo mwenye tai! Mpige!"

"Na haya maziwa yote anamwaga! Ndama wake anakunywa nini?"

Deo akasema kwa adabu, "Hana ndama baba."

"Maziwa yanatoka wapi kama hana ndama?"

Mimi nimekaa pembeni na begi langu, hakuna hata mmoja anayeniangalia. Nikakohoa. Shangazi akanipa kikombe chake nimwongeze chai.

Mwishowe nikamwita baba kwa sauti, "Tata, zimwi!"

"Eeh, zimwi," baba akakumbuka. "Nipeleke kwa zimwi."

Deo akafungua leveli ya mwisho. Ng'ombe akatokea kwenye njia nyembamba. Mbele kabisa kuna mlango wa duara na mwanga mdogo sana nyuma yake. Na mbele ya mwanga, limejaa mlango mzima, zimwi langu na samaki wake.

Shangazi akainamia skrini.

"Mh," akasema. "Gauni kapatia."

"Shangazi!"

"Nasema tu. Marinda kapatia."

Baba akalipiga maziwa. Zimwi likampiga futi. Akarudia. Likampiga pasi. Akarudia tena, akakaza meno, maziwa yakaisha, zimwi limesimama na mwiko wake wala halijatetereka. Ng'ombe akaanguka, akalala chali, kofia pembeni.

Nikajua sasa baba ameona matusi kwa macho yake, atasema. Akavua miwani. Akaifuta na shati. Hakuongelea zimwi wala gauni.

"Mura," akamwita Deo, na hiyo ndiyo siku ya kwanza namsikia akimwita hivyo, kama wanavyoitwa vijana wa nyumbani. "Huyu ng'ombe alifuata nini huko chini ya ardhi?"

Baba akagonga skrini kwa kidole.

"Ng'ombe anakaa juu. Anakula majani. Huyu tangu tumeanza yuko shimoni, anagonga kichwa, taa ni moja. Nani alimpeleka huko? Na mbona hatoki?"

Wakuu, mume wangu aliinama. Mikono yake akaiweka chini ya mapaja kama mtoto. Shangazi akaweka kikombe chini.

Kisha akasema. Alisema polepole anaangalia sakafu, nami nitawaandikia kwa kifupi maana kirefu chake sikiwezi.

Jumanne ya ile wiki, duara liliporomoka. Yeye na mwenzake mmoja, Masanja, kijana wa Kisukuma, walikuwa ndani kabisa. Kifusi kikaziba njia. Hawakuumia, walibaki kwenye uwazi mdogo ambao mtu hawezi kusimama. Taa ya Deo ilivunjika, ya Masanja ikafifia ikazima. Deo akaanza kupiga kelele. Masanja akamshika shingoni akamwambia nyamaza, unamaliza hewa.

Halafu Masanja akasema, "Wewe si unajua kuchora? Nichoree ng'ombe."

"Kwenye giza hili?"

"Kwa mdomo. Anza na pembe."

Deo akaanza na pembe. Akamwelezea mgongo, miguu. Masanja akasema mvishe kofia, humu atapasuka kichwa. Deo akamvisha. Masanja akasema atatokaje sasa, mpe mkia wa helikopta. Deo akasema njiani kuna popo. Masanja akasema basi awapige. Na nini? Na maziwa. Maziwa ni ya Masanja. Wakacheka, Deo anasema walicheka kweli kweli, kwa sauti ndogo ili wasimalize hewa. Kila akitaka kulia, Masanja anauliza, "Haya, mbele kuna nini?" na Deo anamchorea kingine. Panya. Koleo. Yule mende wa saluti.

Walikuwa wamemfikisha ng'ombe mlangoni, wanabishana nani awe amesimama pale, ndipo wakasikia koleo za kweli upande wa pili.

Walitolewa Jumatano. Mwenye duara akawakalisha, akawaambia hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna kilichotokea, na atakayetoa maneno duara litafungwa na vijana wote watalala njaa kwa ajili ya mdomo wake. Masanja akapanda gari siku ile ile akarudi kwao Shinyanga. Deo akaenda kuoga kwa rafiki, akachana nywele, akaja kukaa kwenye kochi langu.

Baba akauliza, "Kwa nini hukusema hapa nyumbani?"

"Niliogopa baba."

"Uliogopa duara litafungwa?"

"Hapana. Niliogopa kusema sitaweza kushuka tena. Na kazi nyingine sijui."

"Kumwambia nani uliogopa?"

Deo akanyoosha kidole kwenye skrini.

Wote watatu wakaliangalia zimwi. Halafu wote watatu wakaniangalia mimi.

Nikatoka kwenda jikoni kuangalia maji ya chai ambayo sikuwa nimeyabandika. Nikasimama huko na sufuria mkononi. Nilikuwa nakumbuka nilivyomsema asubuhi na jioni, kwa vichekesho vyangu hivi hivi mnavyovipenda, na yeye anachora popo. Shangazi akaja mlangoni, akachukua sufuria mkononi mwangu akaiweka mezani.

Niliporudi sebuleni sikujua pa kuanzia, nikauliza tu, "Huyo Masanja mnaongea?"

"Hatujaongea tangu siku ile."

"Mpigie."

Akasema atampigia baadaye. Nikasema sasa hivi, weka sauti. Mnanijua sasa, mimi ni bosi wa mwisho.

Simu ikaita muda mrefu. Ikapokelewa, kuna kelele za mbuzi kwa nyuma. Deo akasema "Masanja, ni mimi", akaishia hapo. Halafu yule kijana akauliza, sauti ya chini kabisa:

"Deo. Yule ng'ombe alitoka?"

Mume wangu alikuwa ameziba uso. Nikachukua simu.

"Bado hajatoka, shemeji," nikamwambia. "Kuna mtu amemzibia njia mlangoni."

"Nani huyo?"

"Mimi."

Masanja akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Sasa shemeji, si umpishe."

Baba alilala kwetu siku ile na nyingine tatu. Sababu aliyotoa ni kwamba anampumzisha shangazi. Shangazi hakuwa amechoka. Leveli ya pili ilikuwa inamsumbua baba.

Begi nililifungua mwenyewe. Deo sasa anachora mabango ya maduka, saluni na magari, na anachora vizuri, ingawa kuna mwenye bucha Nkende alitaka ng'ombe wa kawaida akapewa mwenye kofia, bado wanabishana. Shimoni haendi. Kuna siku umeme ukikatika anatoka nje haraka, namfuata tunakaa barazani mpaka urudi, siulizi sana.

Gemu iko hewani. Wanaoicheza si wengi, wengi wao ni Wakenya, wa upande wa pili wa mpaka pale Sirari. Mmoja ameandika maoni, "Game iko sawa lakini huyo mama wa mwisho ni wa nini jameni." Nimempa alama ya dole gumba.

Na ndiyo, sasa unaweza kutoka. Ukipigana vizuri zimwi linakupisha, na nje kuna majani. Nilikataa lipishe bure. Hata mimi nina heshima yangu.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu wako akirudi siku isiyo yake, ameoga, amechana nywele, anakwambia ameacha kazi, usimuulize kwanza atafanya kazi gani. Muulize siku hiyo ilikuwaje. Mimi nilishika simu kuita ukoo kabla ya kushika hilo swali, na aliyeliuliza ni mzee aliyekuwa na wasiwasi na ng'ombe.

Kama nawe una mtu nyumbani amekaa kimya, anafanya vitu visivyoeleweka, andika hapa tuone. Wachimbaji mliopo humu, nanyi semeni, hata kwa kuficha jina. Wa kunipa pole, napokea. Wa kunishangaa, ruksa.

Wa kunitukana pia karibuni, ila mjue tu mume wangu anaandaa leveli mpya na bado anatafuta sura za maadui.